Land Rover ya Zamani na Fedha za Wanachama

(Hotuba ya Msimamizi wa Magari wa Chama Kikuu, iliyosomwa Majengo, Mpanda, katika sherehe ya Chama kutimiza miaka kumi.)



Wasemaji walionitangulia wamesema habari za tumbaku, za bei, za ghala na za madeni ya pembejeo. Mimi nimepewa nusu saa nisimulie habari za motokaa moja. Najua wamo humu walioguna waliposoma jina langu katika ratiba, wala siwalaumu. Motokaa hiyo imetajwa katika Mikutano Mikuu yetu mara nyingi kuliko mwanachama yeyote, na aghalabu haikutajwa kwa wema. Katika mkutano uliopita mjumbe mmoja, mzee ninayemheshimu, alisimama akauliza, "Je, sisi ndio wenye Land Rover, au Land Rover ndiyo yenye sisi?" Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, lakini usiku ule sikulala upesi.

Hoja iliyofuata mnaifahamu. Ilisemwa kwamba motokaa hii iuzwe kama chuma chakavu, na kila msimu wa pembejeo Chama kikodi gari la mtu. Hoja hiyo imeahirishwa mpaka Mkutano Mkuu ujao, nanyi ndio mtakaoipigia kura. Kwa hiyo sikuja hapa kuwa wakili wa motokaa. Nimekuja kuwaambia fedha zenu zimekwenda wapi katika miaka kumi hii, na sehemu yake iliyopotea kwa makosa yangu mimi mwenyewe nitaisema bila kuificha, maana hati ya hotuba hii itapigwa chapa katika kitabu cha kumbukumbu, na watoto wetu huenda wakaisoma.

Kwanza tuijue motokaa yenyewe. Land Rover ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza tarehe 30 Aprili 1948, katika maonyesho ya magari mjini Amsterdam. Waliyoibuni ni kampuni ya Rover ya Uingereza, na waliyemkusudia ni mkulima. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, chuma kiligawanywa kwa kibali, bali aluminiamu ilipatikana. Ndiyo sababu bodi ya Land Rover ilifanywa ya aluminiamu, na chesisi, yaani mifupa yake, ikawa ya chuma. Jambo hilo la zamani sana lina maana kwetu hata leo, kama nitakavyoeleza mwishoni. Yetu ni ya aina ya tatu, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985. Watu huiita "109" kwa sababu kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya gurudumu la nyuma ni inchi 109. Injini yake ni ya dizeli, ya lita mbili na robo, haina kompyuta wala kitu chochote kinachohitaji mtaalamu aje na sanduku la umeme. Aina hiyo ya Land Rover, iliyokuja baadaye kuitwa Defender, iliacha kutengenezwa kule Solihull tarehe 29 Januari 2016. Lakini spea zake zingali zikiuzwa, mpya kwa kuukuu, na mafundi wanaoifahamu wako wengi katika nchi yetu. Huko Arusha, Oktoba 2024, wenye Land Rover walifanya tamasha wakakusanya magari kwa mamia, na mengi yalikwenda kwa miguu yake.

Sasa, kwa nini Chama chenye wanachama waliotawanyika namna hii kihitaji gari la namna hiyo? Kweli, barabara zimekuwa nzuri. Mtu akitoka Mpanda kwenda Tabora kwa njia ya Koga anakwenda juu ya lami, jambo ambalo sisi tuliozaliwa zamani tulidhani tutalisikia kaburini. Lakini tumbaku hailimwi juu ya lami. Inalimwa pale barabara inapokwisha. Nendeni upande wa Mishamo mwezi wa Januari, au njia ya kuteremkia Karema, au mbuga za Mpimbwe baada ya mvua ya siku tatu, pale udongo mweusi unapogeuka kuwa kama gundi. Lori la mbolea hufika penye njia kuu likashusha, dereva akatazama mbele, akatikisa kichwa, akarudi. Tangu hapo mpaka kwenye kijiji ni kazi ya Land Rover. Na wenye magari ya kukodi, ndugu zangu, ni watu wema sana wakati wa kiangazi. Mvua ikinyesha simu zao huzimwa.

Hiyo ndiyo faida. Sasa hasara.

Katika mwaka wetu wa tatu bei ya oili ilipanda, na Bodi ikatuagiza tubane matumizi. Agizo lilikuwa la haki. Mimi nikalitekeleza kwa upumbavu. Chini ya boneti ya Land Rover lipo kopo kubwa jeusi, ambalo mafundi huliita ea klina. Ndani ya kopo hilo, chini kabisa, kuna bakuli lenye oili isiyofika lita moja. Hewa inayovutwa na injini hupita kwanza juu ya oili ile, na vumbi hunasa ndani yake, likawa tope. Hewa safi huendelea mbele. Ni kitu chepesi kufahamu kama chujio la chai. Lakini bakuli lile likijaa tope, halichuji tena. Na kitabu cha motokaa kinaonya kwamba penye vumbi jingi lisafishwe mara kwa mara, hata kila siku.

Nikasema moyoni: lita moja kila mara, ya nini? Nikaamuru lisafishwe mara moja kwa mwezi, na badala ya oili mpya litiwe ile iliyomwagwa kutoka katika injini. Ilikuwa Julai. Kutoka Julai mpaka Oktoba mnajua vumbi la kwetu lilivyo. Gari moja likipita, la nyuma huwasha taa mchana. Mwezi wa Septemba dereva akaniambia kwamba injini inakunywa oili. Nikamwambia atie nyingine. Mwanzoni mwa Oktoba moshi wa buluu ukaanza kutoka, na asubuhi gari likawa gumu kuwaka mpaka lisukumwe. Ndipo nikafungua mpira mnene uendao kutoka ea klina mpaka kwenye injini, nikatia kidole ndani. Kidole kilitoka na mchanga.

Mabwana na mabibi, mchanga ule ulikuwa umesaga ringi na silinda kwa muda wa miezi mitatu kama jiwe lisagavyo mtama. Ikabidi injini ishushwe, silinda zichongwe upya, pistoni na ringi mpya zinunuliwe. Hapa Mpanda hapakuwa na mashine ya kuchonga. Injini ikafungwa kwa kamba ikapandishwa katika lori, ikaenda mji mwingine ikakaa huko. Oktoba ikapita, Novemba ikapita. Wanachama wa chama kimoja cha msingi, ambacho sitakitaja lakini wenyewe wamekaa mstari wa tatu na wananitazama, walipata mbolea yao miche ikiwa imekwisha kusimama shambani na kuanza kuwa njano. Waliliwa na wengine kwa uzito na kwa daraja la jani, na deni la pembejeo lilikatwa palepale. Hawakuambiwa kwamba sababu ilikuwa oili isiyofika lita moja. Waliambiwa kwamba gari ni bovu. Leo nawaambia.

Nilidhani nimejifunza. Kumbe somo lilikuwa halijesha. Ilipokuwa injini imefunguliwa, fundi akasema na beringi kuu zibadilishwe pia. Nikampa kijana fedha aende Dar es Salaam, Kariakoo, upande wa Gerezani walikojaa wauza spea, nikamwandikia katika karatasi: "Beringi za Land Rover dizeli." Basi. Akaleta. Hazikuingia. Injini hizi za lita mbili na robo za zamani zina beringi kuu tatu, bali tangu mwaka 1980 kiwanda kilianza kuzifanya za beringi tano. Kwa nje ni ndugu wa tumbo moja. Ndani ni watu tofauti. Namba iliyogongwa kwenye injini ingetwambia, nami sikuisoma wala kuiandika. Muuzaji hakurudisha fedha, wala sheria haikumlazimu. Mimi ndiye niliyeomba kitu nusu. Tangu siku ile namba ya injini na namba ya chesisi zimeandikwa kwa rangi juu ya mlango wa stoo, na hakuna mtu anayetumwa spea bila kuzinakili, na kuchukua kile kilichoharibika akakionyeshe muuzaji kwa macho.

Makosa mengine ni madogo, lakini ni ya watu wengi, kwa hiyo nayataja kwa faida ya vyama vya msingi vilivyo na magari yao wenyewe.

Kuna desturi katika nchi yetu, sijui aliyeianzisha, kwamba fundi akifungua injini yoyote huitoa thamostati akaitupa, akasema "kwetu ni joto, haina kazi." Ina kazi. Injini ya dizeli ikienda baridi hula mafuta zaidi, oili yake huchafuka upesi, na silinda huchakaa. Kama rejeta inachemka, tafuta sababu ya kuchemka. Kwa upande wetu sababu mara nyingi ni nyasi: gari likipita katika majani marefu, mbegu za nyasi hujaa katika matundu ya rejeta mpaka upepo haupiti, nazo hutoka kwa brashi na maji yanayopigwa kutoka upande wa injini. Na anayepiga brashi na ainame vilevile atazame ekzosi, maana majani makavu yaliyonasa pale yamekwisha kuunguza magari ya watu porini.

Dereva mmoja wetu, ambaye sasa ameacha kazi, alikwisha maji ya breki njiani akatia oili ya injini, maana zote mbili ni za majimaji na zote mbili zinateleza. Breki zilishika siku ile. Siku ya nne mipira yote ya breki, kuanzia silinda kuu mpaka magurudumu yote manne, ilikuwa imevimba kama maandazi. Oili ya injini huharibu mipira ile. Tulibadilisha yote, tukasafisha mabomba yote, na tulimshukuru Mungu kwamba kilima cha siku ya nne kilikuwa kifupi.

Lami nayo imetuletea ugonjwa mpya. Katika Land Rover ya namna yetu, kifundo cha manjano kikibonyezwa chini magurudumu yote manne huvuta pamoja. Mti mwekundu nao ni wa nguvu ya chini. Katika matope ndiyo salama yako. Lakini katika gari hili magurudumu ya mbele na ya nyuma yakisha kufungwa pamoja hayana nafasi ya kupishana penye kona, na juu ya lami, ambapo tairi haliwezi kuteleza, nguvu ile hujisokota ndani ya krosi, giaboksi na difu mpaka kitu kikatike. Madereva wetu walizoea kubonyeza manjano wakitoka Majengo na kuiachilia wakirudi. Siku hizi wameagizwa: lami ikianza, manjano iachiliwe. Ukisikia usukani umekuwa mzito bila sababu, umekwisha sahau.

Juu ya maji. Tukivuka mto, dereva asipofikiri, maji huingia ndani ya difu na katika vichwa vya ekseli ya mbele, na hakuna dalili ya nje. Njia ya kujua ni rahisi: fungua nati ya chini kidogo tu, tazama oili. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, imwage yote siku ileile. Kila kichwa cha ekseli ya mbele hubeba nusu lita tu, na watu hukisahau kwa sababu kimefichwa nyuma ya gurudumu. Lakini mle ndani kuna krosi na beringi za bei kubwa. Iko pia nati ndogo ya kuziba tundu chini ya nyumba ya klachi, ya kutiwa wakati wa kuvuka maji marefu. Baada ya kuvuka lazima itolewe. Ikiachwa, oili inayovuja hukusanyika humo ikalowesha klachi, na fundi asiyejua atakuuzia klachi mpya.

Na dizeli ya pipani. Vijijini hatuna pampu, tunabeba mapipa. Pipa likibingirishwa kisha likafunguliwa palepale, unatia katika tangi kila uchafu uliokuwa umelala chini, na maji pamoja nao. Maji yakifika kwenye pampu ya dizeli na nozeli huziharibu, na pampu ile ni kitu cha ghali sana. Pipa na lisimamishwe usiku kucha. Mrija usiguse chini. Shibiri moja ya mwisho ibaki, itatumika kuoshea vyombo. Kichujio kibadilishwe kabla ya msimu wa mvua, wala si katikati yake.

Bwana Mwenyekiti, naona unatazama saa. Nakaribia jambo lenyewe.

Wazee waliomo humu wanakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, fedha za kigeni zilipoadimika, spea hazikupatikana, na Jumapili baada ya saa nane mchana magari hayakuruhusiwa barabarani. Wakati ule mafundi walichonga bushi za springi kutoka katika tairi kuukuu, na magari yakaenda. Baadhi yetu tumebaki na fikira za wakati ule. Tunadhani kulitunza gari kwa fedha kidogo maana yake ni kutolipa kitu mpaka livunjike, halafu kubuni. Lakini ubunifu ule ulikuwa dawa ya njaa. Gari letu limegharimu sana katika ile miaka ambayo hatukutumia kitu juu yake.

Yako makumbusho makubwa zaidi ya jambo hili, nayo hayako mbali. Panda garimoshi hapa Mpanda, pita Kaliua, ushuke Urambo. Pale, na Kongwa, na Nachingwea, mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango wa karanga uliosikika duniani kote. Matrekta mengi yaliyoletwa yalikuwa yamekwisha tumika kwingine, spea zilichelewa, karakana hazikutosha, na wengi waliopewa kuyaendesha walikuwa hawajafundishwa. Mengi yalisimama mapema. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na Urambo ikaja kuwa nchi ya tumbaku kama yetu. Sisemi kwamba karanga zilishindwa kwa sababu ya spea peke yake. Mvua na udongo vilikuwa na neno lao. Nasema tu kwamba wale walikuwa na fedha nyingi kuliko Chama chetu, na bado mashine ziliwashinda.

Basi, tumefanya nini tangu mwaka ule wa mchanga? Tumeweka daftari. Kila safari ina mstari wake: jina la dereva, mahali alikokwenda, kilomita, dizeli iliyotiwa, oili iliyoongezwa, na ea klina, imefunguliwa au haikufunguliwa. Dereva hutia sahihi, nami hutia sahihi chini yake. Mwanzoni madereva walichukia, wakaona wanaitwa wezi. Baadaye mmoja akagundua kwamba daftari linamtetea. Dizeli ilipozidi katika safari fulani akaonyesha kwamba katika safari mbili zilizotangulia, za njia ileile, ilipungua; na kweli, tulikuta bomba la kurudishia mafuta lilikuwa limeanza kuvuja. Bila daftari lile angekuwa ameachishwa kazi kwa ajili ya bomba.

Lakini daftari halina fedha. Na hapa ndipo ninapoomba. Kwa sasa nikitaka feni belti, naandika barua kwa Meneja, Meneja huipeleka mbele ya Kamati, Kamati hukaa mwisho wa mwezi. Utaratibu huo ni mzuri kwa kununua ghala. Kwa feni belti ni hatari, maana belti haisubiri mwisho wa mwezi, na ikikatika njiani injini huchemka, na gharama huwa si ya belti tena. Naomba Mkutano Mkuu ukubali kwamba kila kilomita ya Land Rover iwekewe fungu lake katika akaunti ya peke yake. Tuseme shilingi 300 kwa kilomita: safari ya kilomita 200 itaweka shilingi 60,000. Chama cha msingi kitakachoita gari ndicho kitakachochangia fungu hilo, kwa kuwa ndicho kilichochakaza matairi. Hesabu ya akaunti hiyo ibandikwe ukutani ofisini kila mwezi pamoja na daftari, na mwanachama yeyote aliyeshuka sokoni na kapu lake aweze kuingia akaisoma. Na fedha hizo zisiazimwe. Nalisema hili kwa heshima zote mbele ya Bodi: zisiazimwe kwa posho, wala kwa mgeni, wala kwa sherehe kama hii ya leo.

Wapo wanaosema tutie injini ya Toyota humo ndani, kama wafanyavyo wengi. Si wazo baya. Nimeziona zinazokwenda vizuri. Lakini kwanza hesabuni bei ya vitu vyote vya kuunganishia, na fundi atakayevichonga, na siku fundi yule atakapohama. Kwa hesabu yangu injini tuliyonayo, iliyokwisha kuchongwa na kuvishwa pistoni mpya, bado ina umri.

Imebaki ile hoja ya kuuza, nami sitaki kuikwepa. Niliwaambia mwanzo kwamba bodi ni ya aluminiamu na chesisi ni ya chuma. Bodi haishiki kutu, kwa hiyo gari lililooza kabisa laweza kuonekana zuri barabarani. Wafua sufuria wanaijua thamani ya bodi ile, ndiyo maana Land Rover nyingi zilizokufa sasa ziko jikoni. Uhai wa motokaa yetu uko katika chesisi, hasa pale springi zinaposhikiliwa, na mwamba wa nyuma kabisa unaorushiwa matope na magurudumu. Spea nyingine zote zanunuliwa moja moja. Chesisi ikioza mahali pale, kuchomelea kipande juu ya kipande ni kutupa fedha, na ni kuhatarisha watu wanaopanda.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Chesisi nimeiosha, nimeikwangua matope ya miaka kumi, sikuipaka rangi. Rangi huficha. Land Rover imesimama nyuma ya ghala, chini ya mwembe, boneti imefunguliwa, nyundo iko juu ya bampa na tochi kando yake. Baada ya chakula naomba yule mzee aliyeuliza swali mwaka jana, na wajumbe wawili kutoka katika kile chama cha msingi kilichochelewa kupata mbolea, waje wainame chini yake wagonge wenyewe, kila mahali watakapo. Nyundo ikilia, tutaendelea kuzungumza habari za shilingi 300. Nyundo ikiingia, mimi ndiye nitakayeiunga mkono hoja ya kuuza, na ufunguo nitaukabidhi kwa Bwana Meneja leo leo.

Nje ya mashati yenu meupe sina wasiwasi, nimetandika turubai.